Gari Halinunuliwi Mara Moja

Wajukuu zangu wa Naipingo, pamoja na ninyi wa Nachingwea mjini na Ruangwa, nina neno nataka mlisikie kabla mnada wa kwanza wa korosho haujapigwa. Pesa ikishaingia mfukoni masikio huwa mazito, kwa hiyo nalisema sasa.

Kila mwaka ifikapo Oktoba na Novemba, meseji za benki zikianza kulia kwenye simu, vijana wetu hushika njia ya Dar es Salaam. Wanakwenda kwa basi, wanarudi wameshika usukani. Huyu na IST, yule na Passo, mwingine na Probox ya kubebea abiria, na waliochangishana na ndugu zao wanarudi na Noah. Msimu wa 2024/2025, kilo moja ilipopanda mnadani hadi zaidi ya shilingi 4,000, hata ambao hawakuwahi kuwaza gari walianza kuulizia bei.

Sina kinyongo na jambo hilo. Mtu aliyepalilia mikorosho, akaipulizia dawa, akaokota na kuanika mpaka mgongo ukamuuma, ana haki ya kufunga mkanda kwenye gari lake mwenyewe. Na gari linaokoa watu. Mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane si wa kupakiwa kwenye bodaboda. Ninachokiogopa mimi ni mwezi wa pili.

Nifuateni kwenye hesabu hii, maana ndiyo kiini cha yote nitakayosema. Sisi watu wa huku pesa yetu ina majira. Ufuta unauzwa Juni na Julai, mbaazi zinafuata, korosho inafunga mwaka. Sikukuu zikipita, na Januari ikachukua sare na madaftari ya watoto, nyumba nyingi zinabaki na chakula cha ghalani tu mpaka ufuta mwingine ukomae. Sasa tazameni na mvua. Kwetu zinaanza Desemba zinaendelea hadi Aprili. Kumbe miezi ile mfuko unapokuwa mtupu ndiyo hiyo hiyo barabara zetu za udongo zinapolainika, madimbwi yanaficha mashimo, bushi na boli joint zinagongwa kutwa, na matope yanajaa kwenye brek. Gari linaumwa wakati mwenyewe hana kitu. Hilo halitokei kwa bahati mbaya, linatokea kila mwaka, na kila mwaka vijana wanashangaa kama ni jambo jipya.

Hapo ndipo mtu anapoanza kujidanganya. Tairi limebaki kipara, anasema litafika tu mpaka ufuta. Brek zinalia, anaongeza sauti ya redio. Taa ya oili inawaka inazima, anasema ni hitilafu ya waya. Siku gari linapogoma kabisa, anakwenda kwa mtu wa kangomba. Anamuuzia korosho za msimu ujao, korosho ambazo mti haujatoa hata ua, kwa bei ya kutupa, apate pesa ya tairi mbili na shokapu. Kangomba imekatazwa na mnajua imekatazwa, lakini mwenye shida ya Februari hasikii katazo. Oktoba ikifika, wenzake wanasubiri malipo ya mnada kwa bei kamili, yeye anapeleka magunia yake uani kwa mtu mwingine, usiku. Gari alilinunua kwa korosho za mwaka jana, na sasa limekula za mwaka huu.

Na msidhani mnada nao ni ahadi isiyovunjika. Wenye kumbukumbu wanaujua msimu wa 2018. Wanunuzi walileta bei ndogo, wakulima wakakataa kuuza, na Novemba ile Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Bei ilipokelewa kwa shangwe. Lakini malipo yalikwenda kwa uhakiki, na wengi walisubiri miezi. Yupo kijana niliyemfahamu ambaye alikuwa ameshachukua gari kwa kulipa kidogo kidogo akitegemea pesa ya Desemba. Machi ilimkuta gari liko juu ya matofali, matairi ameyauza ili alipe deni la gari lenyewe. Kwa hiyo usinunue kwa pesa ambayo bado iko ghalani. Subiri ikae kwenye akaunti yako, uione, uilale, ndipo uamue.

Ardhi hii tunayoikanyaga ilishaona watu wenye pesa nyingi kuliko sisi wakianguka kwa kununua mashine wasizoweza kuzitunza. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao mkubwa wa karanga Tanganyika, wakachagua Kongwa, Urambo na Nachingwea yetu. Dunia ilikuwa imetoka vitani, matrekta mapya hayapatikani, wakakusanya mashine zilizotumika, nyingine kutoka kwenye mabaki ya jeshi kule Ufilipino, na vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Kabla mwaka ule wa kwanza haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta yaliyofika Kongwa yalikuwa yamesimama. Visiki na udongo mgumu viliyavunja, waliokabidhiwa kuyaendesha hawakuwa wameyazoea, na spea na mafundi havikutosha. Huku kwetu reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea, ikafunguliwa 1949. Januari 1951 mradi ukafutwa, zaidi ya pauni milioni 36 zimekwisha kupotea. Reli nayo ikafungwa 1962. Watu waliokuwa na uwezo wa kununua mashine kwa mamia walishindwa kuziweka barabarani, sembuse wewe mwenye ekari tano za mikorosho.

Sisi tuliojifunza udereva enzi za Bedford na Leyland tulianzia chini ya lori. Ulikuwa utingo kwanza, miaka, kazi yako kupiga jeki, kuziba pancha, kupuliza filta na kupaka grisi, na dereva hakukupa usukani mpaka ajue unaweza kulisikiliza gari likitembea ukamwambia ni gurudumu lipi linalolia. Barabara ya Dar es Salaam ilikatishwa na Mto Rufiji, mnavuka kwa kivuko cha Ndundu, na mvua zikizidi tulilala pale siku na siku tukingoja zamu. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, ninyi wengine hamjazaliwa. Leo kijana anajifunza kuendesha kwa wiki chache, na siku anayopata leseni hajawahi kufungua boneti. Simlaumu, mambo yamebadilika. Lakini barabara haijui kwamba mambo yamebadilika. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani, barabara hiyo hiyo ya kusini ilikatika huko Kilwa, magari yakakwama pande zote mbili. Spea zetu nyingi zinatoka Kariakoo, zinakuja kwa basi kama kifurushi. Siku basi lisipofika, aliyekuwa na mkanda wa feni wa akiba, plagi na filta ndani ya sanduku ndiye aliyetembea.

Sasa nije kwenye kununua. Ukiwa na shilingi milioni 14, usitafute gari la milioni 14. Tafuta la milioni 10, na hizo nne usizihesabu kuwa zako, ni za gari. Gari linalotoka mkononi mwa mtu huna njia ya kujua lilivyotunzwa, na kilomita kwenye dashibodi zinarudishwa nyuma kwa dakika chache na watu wasio na haya. Kwa hiyo siku ya kwanza unamwaga oili ya injini na kuweka mpya pamoja na filta, unaangalia oili ya giaboksi, unabadilisha mafuta ya brek, unakagua matairi yote likiwemo la akiba. Kuna kuhamisha umiliki wa kadi, na msikubali kuendesha gari kwa jina la mtu mwingine kwa miaka eti kwa kuwa mnafahamiana. Siku likigonga au yeye akifariki mtajua thamani ya ile kadi. Kabla ya kulipa, angalieni kama gari lina deni la faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi, maana deni linafuata namba ya gari. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, lakini bima ipo pale pale. Hata bima ndogo usiipuuze. Ile haikulindi wewe, inamlinda yule utakayemuumiza.

Halafu mafuta. Kutoka Nachingwea kwenda Masasi na kurudi, gari dogo litakula lita saba au nane, likipakia zaidi litakula zaidi. EWURA, wasimamizi wa bei ya mafuta, hutangaza bei kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Chukua bei ile, zidisha kwa safari zako za wiki, zidisha kwa wiki za mwaka mzima. Fanya hesabu hiyo ukiwa na mkeo pembeni, kwa maandishi, kabla ya kwenda Dar es Salaam. Wengi wanaificha hesabu hii nyumbani, na ndiyo maana gari likigeuka mzigo linageuka pia ugomvi. Na kama unaweza, kaweke mafuta sheli. Petroli ya kwenye chupa za maji kando ya barabara inasaidia siku ya dharura, lakini hujui imechanganywa na nini, na pampu ya mafuta ikichafuka hakuna atakayekurudishia pesa.

Nataka nikae kidogo kwenye matairi, kwa sababu ndiyo yanayoua. Mkiambiwa tairi zuri, mnaangalia kashata tu. Kashata zikiwa zimesimama mnasema tairi jipya. Piga magoti, futa vumbi ubavuni mwa tairi, tafuta kiduara kirefu chenye tarakimu nne baada ya herufi nyingi. Ukikuta 2316, maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tarakimu mbili za mwisho ndizo mwaka. Matairi mengi ya mitumba yanayofika madukani yamekaa miaka ghalani au juani, na mpira unazeeka hata kama haujatembea. Likunje kidogo kwa vidole, uangalie kwenye mashina ya kashata: ukiona mipasuko myembamba, hata kama kashata zinang'aa, lile tairi limekufa. Kwenye lami ya Mingoyo kwenda Masasi, jua la saa nane, gari limejaza watu na unakwenda kilomita 100 kwa saa, tairi hilo halitoi pancha. Linapasuka, na gari linachukua njia linayoitaka lenyewe. Mwenye pesa ya matairi mawili tu mapya anunue hayo mawili mapya, aache manne ya mtumba, na mengine mawili ayafuate mavuno yakiruhusu. Na upepo upimwe kwa geji. Kupiga tairi teke hakukuambii kitu.

Vumbi letu jekundu mnalijua, linaingia hata kwenye masanduku yaliyofungwa. Gari lililotengenezewa barabara za Japani filta yake ya hewa haikutarajia Naipingo mwezi wa tisa. Ifungue kila baada ya wiki mbili za kiangazi, ipulizwe kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, na ikishakuwa nyeusi hata baada ya kupulizwa, itupe. Ikiziba, injini inakosa pumzi, inakula mafuta, nguvu inapungua. Ukiitoa ukaendesha bila filta, kama nilivyoona wengine wakifanya, unaingiza mchanga kwenye silinda na ndani ya miezi michache gari litatoa moshi wa bluu.

Oili ya injini wengi mnaambiwa ibadilishwe kila kilomita 5,000. Kwa vumbi hili na matope hayo, fanya mapema zaidi. Chomoa stiki asubuhi gari likiwa limepoa, limeegeshwa mahali tambarare, ifute, irudishe, ichomoe tena. Weka tone kati ya kidole gumba na cha shahada, usugue. Ikiwa nyeusi lakini inateleza, bado ina uhai. Ukisikia chenga, usiwashe gari mpaka ubadilishe. Injini ya IST inachukua karibu lita nne pamoja na filta, nayo inataka oili nyepesi. Fundi atakayekuambia weka nzito ya malori ili isipungue anakuficha ugonjwa, hakutibu.

Jambo la giaboksi ni la kusikitisha zaidi, kwa kuwa linaua magari mazima mazima bila sababu. Baadhi ya Vitz na ndugu zake zina giaboksi ya CVT, na ile ina oili yake. Mtu akiweka oili ya otomatiki ya kawaida kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani, gari litatembea wiki kadhaa vizuri, kisha litaanza kuvuta kwa mitetemo, kisha halitavuta. Muulizeni fundi kabla hajafungua chochote: giaboksi hii ni ya aina gani, na oili gani? Akijibu kwamba zote ni moja, mshukuruni na muondoke. Vivyo hivyo mkanda wa taimingi. IST ina cheni, haina mkanda. Noah ya zamani yenye injini ya 3S ina mkanda, na unabadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Muulize aliyekuuzia ulibadilishwa lini. Akisita kujibu, ubadilishe. Ukikatika ukiwa kwenye kona, gari linazimika papo hapo na usukani unakuwa mzito kwenye mikono yako.

Rejeta msijaze maji ya kisima. Maji yetu mengi yana chumvi, yanakula chuma kidogo kidogo mpaka njia zinaziba. Weka kulanti. Mshale wa joto ukipanda, egesha, zima, subiri nusu saa, na usifungue kifuniko kikiwa cha moto. Anayeendelea kuendesha kwa kusema nyumbani ni hapo tu anaunguza gasketi ya hedi, na hiyo gharama yake inaweza kumeza mapato ya magunia kadhaa ya korosho.

Na kuhusu magunia: IST si lori la Canter. Gunia la korosho lina kilo 80 hivi, ukipakia matano pamoja na wewe na mwenzako umeshavuka uzito wa watu watano ambao gari lile liliundwa kuwabeba. Springi zinakaa, tairi zinagusa bodi, taa zinaangaza juu ya miti, brek zinachelewa. Unaokoa nauli ya lori kwa safari moja, unalipa shokapu nne.

Nikiwa bado na nguvu ya kusema, nitasema na juu ya siku za malipo. Siku hizo vilabu vinajaa, na madereva wapya ni wengi kuliko siku zote za mwaka. Barabara zetu za vijijini hazina taa wala njia ya waenda kwa miguu. Watoto wanatoka shule kwa makundi, wazee wanarudi shamba na mizigo kichwani, baiskeli hazina kiakisi mwanga. Kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na mara nyingi hata 50 ni nyingi. Trafiki akikuandikia faini ya shilingi 30,000 unanung'unika kijiji kizima kikusikie. Mimi nimekaa kwenye misiba iliyosababishwa na vijana wazuri, wapole, wasio na ubaya na mtu, ambao walikunywa chupa mbili wakaamini wanajimudu. Wengine wanaishi hapa hapa, wanapishana na mama wa marehemu kisimani. Hakuna mnada utakaomlipa yule mama. Nawaomba, na ninawaomba kwa uchungu: siku utakayokunywa, funguo akae nazo mwenzako, na gari lilale pale ulipo.

Ukiona huwezi kulilisha, liuze kabla ya mvua, kiangazi ambapo bei yake bado ni nzuri, na umwambie mnunuzi ubovu wote unaoujua. Hakuna aibu katika kuuza. Wako ambao wanashirikiana wawili watatu kwa gari moja la biashara, kila safari inaandikwa kwenye daftari, na sehemu ya mapato inaingia kwenye akaunti ya gari kabla mtu yeyote hajagawiwa. Magari ya namna hiyo nimeyaona yakidumu.

Na wewe ambaye gari lako liko uani tayari: mwezi wa kumi na moja, malipo yakiingia, kabla ya kununua chochote kingine, lipeleke kwa fundi. Mwambie avue magurudumu yote manne, usimame hapo hapo uangalie. Brek pedi zimebaki unene gani? Boli joint zinacheza ukizitikisa kwa mtaimbo? Mipira ya draifu shafti imepasuka inamwaga grisi? Kila kitakachohitaji kubadilishwa kibadilishwe sasa, barabara ikiwa bado kavu na basi la spea linafika. Pesa isipotosha kwa vyote, anza na brek, halafu matairi, halafu viungo vya usukani. Rimu na redio vitasubiri ufuta.